Nani Aling'oa Pamba?

Ipo desturi moja katika michezo ya kuigiza ya vyuo vyetu ambayo imekaa mno, nami nakusudia kuisema bila ya kuipaka asali. Kila inapoletwa jukwaani habari ya wananchi waliosimama kudai haki yao, hutafutwa mtu mmoja akapewa jina, akapewa sauti na taa ya kumwangazia. Nyuma yake husimamishwa kundi la watu waliovaa kaniki, wasio na majina, ambao kazi yao ni kuitikia. Akisema "Twende," nao husema "Twende." Akilia, hulia. Akifa, hutawanyika. Katika orodha ya wahusika kundi hilo huandikwa kwa neno moja tu: Umati.

Miaka kadhaa iliyopita vijana wa chuo kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, walifika Mchukwi, katika nchi ya Kibiti, kuonyesha mchezo wao juu ya Vita vya Maji Maji. Waliutunga wenyewe, wakiazima hapa na pale kutoka katika tamthilia inayojulikana na kila mwanafunzi wa sekondari. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga viti, na nilivipanga kama tulivyozoea kuvipanga sisi watumishi wa serikali: viongozi mbele, walimu nyuma yao, wanafunzi kando, na akina mama wa kijiji kwenye mikeka, mahali ambapo mgongo wa kiongozi huziba nusu ya jukwaa. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji ajue kuwa ninapowalaumu vijana wale sijitoi katika lawama.

Mchezo ulikuwa na mengi mazuri. Ngoma zilipigwa barabara, na kijana aliyeigiza mnyapara aliigiza hata watoto wakamzomea kwa chuki ya kweli. Lakini wakulima! Walichapwa viboko kimya. Walipanda pamba kimya. Kisha mtabiri alitoka majini amejitanda shuka jeupe, akawanyunyizia maji, nao ghafla wakapata midomo, wakapiga kelele pamoja. Mara zikasikika bunduki, na bunduki zenyewe zilikuwa debe lililopigwa kwa fimbo nyuma ya pazia. Wakaanza kuanguka mmoja mmoja huku wakiita, "Maji! Maji!" Na hapo wanafunzi waliokuwa wakitazama wakacheka.

Walicheka, ndugu msomaji. Walicheka katika ardhi ya Rufiji, katika nchi ambayo watu hao waliokuwa wakianguka walizikwa, na wengine hawakuzikwa. Sikuwalaumu wanafunzi wale. Ukimwonyesha mtu kundi la watu wasio na akili, wanaofuata shuka jeupe hadi mautini bila ya kuuliza swali hata moja, atafanya nini ila kucheka?

Mchezo ulipokwisha, watazamaji wakaombwa watoe maoni. Viongozi wakashukuru. Mwalimu mmoja akasifu lugha. Kisha bibi mmoja mzee akanyanyua mkono kutoka mkekani. Akasema, "Wajukuu zangu, mmecheza vizuri, Mungu awabariki. Lakini hawa waliokufa ni akina nani? Mbona hawana majina? Na hao wanawake, wanaume walipokwenda kulima pamba ya watu, nguruwe walilindwa na nani?"

Hakujibiwa. Kijana aliyeongoza kundi alitabasamu kwa heshima, akasema kuwa mchezo hauwezi kueleza kila kitu. Ni kweli kuwa mchezo hauwezi kueleza kila kitu. Lakini bibi yule hakuuliza kila kitu. Aliuliza maswali mawili tu, na yote mawili yaligusa shina la vita vyenyewe.

Natuyatazame mambo yalivyokuwa. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianza kuwalazimisha wananchi wa pwani na wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kila jumbe na shamba lake, chini ya macho ya akida. Mtu aliacha mpunga wake na mtama wake akaenda kulima mmea usiolika. Malipo yalikuwa madogo hata mahali pengine watu waliyakataa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, ameonyesha kwamba wanaume walipoondolewa vijijini kwa kazi za kulazimishwa, mashamba ya chakula yaliachiwa wanawake, na nguruwe mwitu wakaingia. Njaa ikaingia pamoja nao. Hasira iliyozaa vita ilipikwa jikoni na mashambani, usiku, na mwanamke aliyekesha akipiga debe ili mtoto apate kula kesho. Bibi wa Mchukwi hakusoma makala ya Sunseri. Aliijua habari hiyo kwa sababu yeye mwenyewe amelinda mpunga juu ya dungu, na anajua kwamba nguruwe hangoji mume arudi.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo. Ilisimuliwa kuwa alizama katika dimbwi la mto, ndugu zake wakamtafuta, na kesho yake akatoka salama. Akaanza kutoa dawa ya maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Watu wakaenda Ngarambe makundi kwa makundi, na habari ikapita kwa minong'ono kutoka kinywa hadi sikio, kutoka Umatumbi hadi Ungindo, ikavuka mito na milima. Hapa ndipo waandishi wetu wa michezo wanapoweka taa yao yote. Haya. Lakini wasiizime mapema, maana mambo yanayofuata ni makubwa zaidi.

Kinjikitile aliwaambia watu wangoje. Watu walichoka kungoja. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, pamba iling'olewa shambani, na kwa kuing'oa vita vikatangazwa. Nani aliing'oa? Masimulizi ya wazee yametuhifadhia majina mawili: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hawakuwa wafalme, wala hakuna aliyesema kuwa walitoka majini. Walikuwa wakulima waliotia mikono yao udongoni wakang'oa miche, wakijua Mdachi atafanya nini akisikia. Nimewauliza wanafunzi wengi wa kidato cha nne, katika safari zangu za kikazi, nani aling'oa pamba ya Nandete. Wote wamenijibu, "Kinjeketile."

Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Angalia tarehe hiyo vizuri. Vita vilikuwa na siku chache tu. Mji wa Mahenge ulikuwa haujashambuliwa. Ulishambuliwa tarehe 30 Agosti, na watu waliusogelea mzinga wa bombomu wakiwa na mikuki. Wangoni walikuwa bado hawajaingia. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, kutoka mwambao hadi karibu na Ziwa Nyasa, vikiwashika Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, Wazaramo na wengine wengi. Kama vita vile vilikuwa vya mtu mmoja, basi vingekwisha Mohoro chini ya kamba. Kwa nini havikwisha? Swali hilo linatosha kuzaa tamthilia kumi, na bado tunaicheza ile ile moja, ambamo umati hauna kichwa pindi kiongozi anapoondoka.

Husemwa kuwa watu wale walidanganyika. Msemo huu umeanza kwa mkoloni na umetunzwa vizuri na sisi. Sisemi kwamba maji yalizuia risasi. Hayakuzuia, na wazee wetu waliligundua jambo hilo kabla ya maprofesa. Lakini mtu aliyeona jirani yake ameanguka na dawa mwilini, kisha akapigana miezi mingine kumi na minane, huyo hapigani tena kwa sababu ya dawa. Anapigana kwa sababu nyingine. Nini sababu hiyo? Alizungumza nini na mkewe usiku ule alioamua kutorudi nyumbani? Hapo ndipo penye mchezo wa kuigiza, na hapo ndipo pazia letu hufungwa.

Tena adhabu haikumwangukia mtu mmoja. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala kwa makusudi, njaa ikawa silaha. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alifikisha hesabu hiyo kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, mbele ya makaburi ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akaomba radhi kwa niaba ya taifa lake. Ni jambo jema, na Songea Mbano amestahili heshima hiyo na zaidi. Lakini huwezi kumwombea radhi mtu asiye na jina. Mama aliyekufa kwa njaa mwaka 1906, akiwa amebeba mtoto mgongoni, hana kaburi la kuwekewa shada. Na jukwaa, mahali pekee ambapo angeweza kufufuliwa, limemwandika Umati.

Sasa najua nitaambiwa kuwa namshambulia Ebrahim Hussein. Hata kidogo. Tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, ni miongoni mwa fahari za lugha yetu, na mwenye kuisoma vizuri ataona kuwa inaanza na mazungumzo ya wanawake juu ya njaa. Mwandishi mwenyewe alitangulia kuwaonya wasomaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, wala si yule Kinjikitile wa historia, na tahajia mbili za jina hilo zinatukumbusha tofauti hiyo. Makosa ni ya wale wanaokuja baada yake, wakachukua mateso ya mtabiri na kuwaacha wanawake mlangoni. Makosa pia ni yetu sisi tunaofundisha na kutahini. Tunamwuliza mtoto, "Mhusika mkuu ni nani? Taja sifa zake tano." Mtoto hutaja tano, akapata maksi tano, akatoka chumbani akiamini kuwa historia ni mtu mmoja mwenye sifa tano.

Nami sikuwa bora. Nimewahi kuandika shairi la beti kumi na mbili kwa ajili ya sherehe moja ya kitaifa, juu ya vita hivi hivi. Vina vilitimia na mizani ilitimia. Nililifungua juzi nikatafuta ndani yake mtu mwingine yeyote asiyekuwa Kinjikitile. Sikumwona. Mkulima alitajwa katika ubeti wa saba, na hapo alitajwa kwa sababu nilihitaji kina cha "-ma".

Kinachonishangaza ni kuwa vyuo vyetu viliwahi kufanya kazi hii vizuri kuliko mahali pengi. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, wakayaandika masimulizi yao. Walikutana na watu walioviona vita kwa macho yao, na wengine waliokuwa watoto wakati majumbe wakihesabu vichwa shambani. Walisikia kuhusu viboko, kuhusu mnyapara aliyemkuta mtu ameinua kiuno kupumzika, kuhusu mbegu za pamba na adha zake. Wasimulizi hao wamekwisha kufa wote. Maneno yao yamebaki katika majalada ya maktaba. Nauliza: ni shule ngapi za Kibiti na Rufiji zilizo na nakala ya masimulizi hayo? Mwanafunzi wa Mchukwi husoma habari za babu wa babu yake katika muhtasari wa kurasa mbili, ilhali maneno yenyewe ya babu yule yamehifadhiwa Dar es Salaam akisubiriwa mtafiti kutoka ng'ambo aje kuyasoma.

Wako watakaosema kwamba sanaa haiwezi kuishi bila ya shujaa, kwamba watu wa kawaida hawatoshi kubeba mchezo wa saa mbili. Maneno haya hutamkwa na watu waliosoma tamthilia za Ugiriki na Uingereza wasiwahi kuhudhuria ngoma ya unyago. Sanaa zetu wenyewe hazikumjua mtazamaji aliyekaa kimya akitazama mgongo wa kiongozi. Katika ngoma zetu aliyesimama pembeni huingia, na aliyeingia hutoka. Na mwimbaji akikosea, mama mmoja humrekebisha papo hapo.

Mfano uko karibu. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, marehemu Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikikuyu pamoja na wakulima na wafanyakazi wa mahali pale. Wanakijiji walijenga uwanja wa maonyesho kwa mikono yao. Waliyasikiliza maneno ya wasomi wakayasahihisha: mfanyakazi wa kiwandani hasemi hivi, mzee hamjibu mkwewe hivi. Mchezo ulipendwa mno, watu wakafika kwa wingi kutoka mbali. Serikali ya Kenya ikaupiga marufuku mwezi Novemba mwaka ule ule, Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba, na mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Hakuna serikali inayobomoa uwanja kwa sababu ya mchezo usio na nguvu. Kwetu nako, mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu, akiwamo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakatunga nao michezo juu ya matatizo yao wenyewe, hasa mimba za wasichana. Kumbe inawezekana! Yaliyowezekana Malya yameshindikanaje Kibiti?

Hata huko Marekani, watu weusi walipokuwa wakidai haki zao za raia, dunia ililishika jina la Martin Luther King, na ni haki yake. Lakini mgomo wa mabasi wa Montgomery uliochukua siku 381, tangu Desemba 1955 hadi Desemba 1956, ulitembewa kwa miguu na wapishi, wafuaji na yaya. Mmoja wao, Georgia Gilmore, alipika vyakula na keki akaviuza, na fedha zile zikasaidia kulipia magari yaliyowabeba wagomaji. Mchezo mzima uko ndani ya jiko la mama yule. Na mwaka ule ule wa 1955, Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa akizunguka katika vikundi vya ngoma vya wanawake, vya lelemama na vinginevyo, akiwaingiza katika TANU kwa maelfu. Nasubiri chuo kitakacholeta habari hiyo jukwaani; nami nachelea, kwa jinsi ninavyotujua, kuwa atasimama Bibi Titi mbele peke yake, na wale wapiga ngoma na wauza vitumbua waliotoa senti zao watakuwa nyuma, wakiitikia.

Sidai makubwa. Nadai kwamba chuo kitakachoigiza Maji Maji kiisome kwanza kazi ya wanafunzi wenzao wa 1968. Nadai mchezo huo uonyeshwe Ngarambe, Mohoro na Mchukwi kabla ya kuonyeshwa kwenye ukumbi wenye viyoyozi, na wazee wapewe ruhusa ya kuukatiza katikati, si kungoja wakati wa kutoa shukrani. Nadai kila mtu anayekufa jukwaani apewe jina, hata kama ni jina la kubuni, na kabla ya kufa apewe jambo moja analolitaka: mbuzi anayemdai jirani, binti anayemwoza, mpunga unaokaribia kuiva. Mwigizaji atakayejua kuwa mtu wake ameacha mpunga unaokaribia kuiva hataanguka kama gunia, na hakuna atakayecheka. Kuhusu viti, hilo nitalishughulikia mwenyewe.

Asubuhi ya pili, basi la vijana wale lilikuwa bado halijaja. Wasichana wawili wa kundi, wale waliocheza katika umati, walikuja kuniuliza anakaa wapi yule bibi. Nikawapeleka. Walipiga hodi, wakamwamkia "Shikamoo bibi," naye akawaitikia "Marahaba" huku akiendelea kupepeta mchele. Mmoja akatoa daftari, akamwomba awaeleze habari za nguruwe. Bibi akawatazama kwanza viatu, kisha mikono, akawauliza kama kati yao yuko anayeweza kupanda dungu. Wakasema hawajawahi kuliona. Akauweka ungo chini, akaita mjukuu wake amletee kanga nyingine na jembe, akawaambia wavue viatu kwa kuwa njia ya huko ina tope.